Redieta ya Chumba cha Mama

Kila alfajiri Gelasius aliporudi kutoka kazini, kabla hajavua koti, kabla hata hajapangusa theluji viatuni, aliingia chumbani kwa mama yake na kuweka kiganja juu ya redieta, chuma cha kupashia chumba joto kwa maji ya moto. Ilikuwa ya moto. Haukuwa moto wa kuunguza. Ulikuwa kama wa kikombe cha chai kilichoachwa kidogo mezani. Lakini kwa mtu aliyesimama dakika ishirini kwenye kituo cha basi Januari ile, moto huo ulitosha kumrudishia vidole vyake.

Mama yake, Ma Paskazia, alikuwa ameshaamka kila mara. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, rozari mkononi, kitenge kimefunika mabega.

“Umeiona?” alimuuliza.

“Nimeiona, mama. Umelalaje?”

“Nimelala mpaka nikasahau niko nchi gani. Haya, nenda ukalale, mwanangu.”

Naye alikwenda kulala akiwa na furaha ndogo asiyomwambia mtu. Kiwandani, walikooka mikate usiku kucha, msimamizi alimwita kwa kumpungia mkono, kwa kuwa jina lake lilimshinda. Lakini redieta ile aliifunga yeye, kwa mikono yake, na ilikuwa inawaka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mekundu, kuukuu, hatua chache kutoka majengo marefu ya Crescent Town. Juu aliishi mwenye nyumba, Bi Zarina, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Tabora na kuhamia Toronto angali msichana. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha kaunta ya duka la baba yake. Chini, katika besimenti, aliishi Gelasius na mkewe Adelina na mtoto wao Deo. Adelina alikuwa hajafikisha saa za kutosha kulipwa likizo ya uzazi, kwa hiyo mtoto alipotimiza miezi mitatu ilimbidi arudi kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, zamu ya mchana hadi usiku. Ndiyo sababu Ma Paskazia aliletwa kutoka Bukoba mwezi wa Novemba, na furushi la kahawa ya kutafuna, na sweta moja.

Chumba walichompa kilikuwa stoo. Hakikuwa na redieta. Ilikuwepo moja ya zamani imelala uani, iliyong’olewa jikoni kwa Bi Zarina wakati wa ukarabati, chuma kizito chenye rangi iliyobambuka. Fundi mwenye leseni alipoulizwa kuifunga alitaja dola elfu moja na mia nane. Gelasius alicheka. Kwao alikuwa fundi bomba miaka kumi na minne. Alifunga mabomba ya shule mbili, ya kituo cha afya na ya nyumba ya mapadri, na hadi leo hakuna hata mmoja aliyempigia simu kulalamika.

“Wewe fundi kweli,” Bi Zarina alimuuliza, “au fundi ya maneno?”

“Fundi kweli, Bi Zarina.”

“Haya. Lakini wewe naharibu, wewe nalipa.”

Alifanya kazi hiyo mwishoni mwa Desemba, siku mbili za mapumziko yake. Kwenye dari ya besimenti mapaipu mawili yalipita sambamba kutoka kwenye boila, mtambo uliochemsha maji ya kupasha nyumba nzima, yamevishwa magamba ya zamani. Moja lilikuwa karibu, la pili lilijificha nyuma ya boriti. Aliyashika yote mawili, akaona yote yana moto. Basi akachukua la karibu. Akalikata sehemu mbili, umbali wa pima moja kati yake, kila mahali akatia kiungo cha njia tatu ili paipu lenyewe liendelee: huku akaunga mguu mmoja wa redieta, kule akaunga wa pili. Maji yataingia huku, yatatokea kule. Viungo alivikaza vizuri mno. Hapakuvuja hata tone. Kisha, kwa kifunguo kidogo cha shaba, akafungua kijikoki cha kutolea hewa kilichokuwa juu ya redieta. Hewa ikatoka ikizomea, maji meusi yakafuata, yakajaza jagi, na chuma kikapata moto mbele ya macho yao wote. Adelina alipiga kigelegele kwa sauti ya chini, maana mtoto alikuwa amelala.

“Hewa ikijaa itapoa,” Gelasius alimweleza mama yake. “Ukiona hivyo, nitafungua hapa kidogo, itoke.”

Ma Paskazia alikitazama kile kifunguo kidogo cha shaba. Akanyoosha mkono. “Nipe nikae nacho,” alisema. “Humu ndani vitu vinapotea.”

*

Shida ilianzia juu, si chini. Wiki ya kwanza ya Januari Bi Zarina alipiga sakafu kwa kisigino cha kandambili, mara tatu, kama ilivyokuwa desturi yake anapomtaka mtu. Chumba chake kilikuwa baridi. Gelasius alikwenda kwenye boila akakuta imejizima, na mshale wa presha umelala sifuri. Maji yalikuwa yamepungua. Alifungua koki, akajaza, akawasha, akaona jambo limekwisha. Siku ya tatu mshale ulikuwa umelala tena. Akajaza. Siku ya sita, tena.

Maji yaliyofungiwa ndani ya mabomba hayapotei hivihivi, hilo alilijua. Basi akatafuta panapovuja. Alizungushia kila kiungo karatasi ya chooni, ili penye unyevu paonekane. Alilala chali chini ya boila na tochi mdomoni. Alipanda juu, akapiga magoti mbele ya kila redieta ya Bi Zarina huku mwenyewe amesimama nyuma yake na kikombe chake cha chai, akimwangalia mgongo. Karatasi zote zilibaki kavu.

“Mbele ya wewe kufunga chuma yako,” Bi Zarina alisema, “boila yangu hapana kunywa maji. Miaka kumi na moja. Sasa nakunywa kama ngamia. Maji nakwenda wapi, fundi?”

Gelasius alisema bado anatafuta.

“Tafuta. Lakini mwisho ya mwezi mimi naita mtu ya leseni. Akisema kosa ni yako, wewe nalipa yeye, halafu mimi nataka besimenti yangu.”

Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya sukari, na hapo ndipo palipomuuma Gelasius. Alishuka ngazi akiwa ameshika mkononi zile karatasi kavu. Mama yake alikuwa jikoni, mtoto mgongoni, ameegemea jiko la oveni. Alimuuliza Bi Zarina alikuwa anataka nini. Akamjibu kwamba boila inapoteza maji na haonekani mwizi. Ma Paskazia aliinama akamrekebisha mtoto mbeleko, ingawa mbeleko ilikuwa sawa.

*

Palikuwa na mtu ambaye angeweza kumuuliza. Gerishon alikuwa Mmeru wa Kenya, mwenye leseni ya mambo ya joto na gari lililoandikwa jina lake ubavuni. Walijuana ukumbini baada ya Misa ya Kiswahili, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Gerishon ndiye aliyemwambia, bila kuombwa, kwamba Aprili kazi zikifunguka atamchukua awe mwanafunzi wake, na saa zake zitahesabiwa kuelekea leseni. Tangu siku hiyo Gelasius aliihesabu miezi kwa vidole kama mtoto anayengoja Krismasi.

Jumapili hiyo Gerishon alimkuta kwenye meza ya sambusa.

“Ile radiator ya mathe inaendelea aje?” aliuliza. “Inashika?”

“Kila asubuhi natia mkono. Moto.”

“Poa sana. Unajua hizo vitu za hot water si rahisi. Watu na makaratasi yao huwa wanaziharibu.” Akampiga bega. “Na boila? Hakuna shida?”

Swali la maji lilikuwa limeshafika ulimini mwa Gelasius. Lakini mtu hawezi leo kusifiwa kwa kazi aliyoifanya bila karatasi za leseni, na papo hapo akakiri kwamba kazi hiyo inainywesha boila maji kama ngamia. Alisema hakuna shida. Akatafuna sambusa yake, akaona imepoteza ladha.

*

Adelina alimngoja aamke, Jumanne mchana, kabla yeye mwenyewe hajakwenda zamu.

“Baba Deo, mama analala na koti.”

“Wazee husikia baridi hata saa saba ya jua.”

“Koti, sweta yangu, na vitenge viwili. Na anakohoa. Anafunika mdomo ili tusisikie.” Akasita. “Na sinki la bafuni. Kila siku nalisugua, kila siku naliona limekuwa jeusi. Na ndoo ya kupigia deki naikuta imehamishwa.”

Gelasius aliinuka akaenda chumbani. Aliigusa redieta, ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Lakini mama yake alikuja nyuma yake haraka, anaikanyaga sakafu kwa soksi, akasema ameifunga mwenyewe, mchana yeye hakai humo, ya nini kupoteza moto wa watu. Usiku ataifungua. Kauli hiyo ilikuwa ya mama yake kabisa, mwanamke aliyewahi kuzima taa ya altareni kwa kuwa Misa imekwisha, na Gelasius akacheka kwa nafuu iliyomjia.

“Umesikia?” alimwambia mkewe.

“Nimesikia,” Adelina alisema. “Mimi nilimuuliza juzi kama anaona baridi. Akaniambia nisikuharibie usingizi wako.”

“Basi usiniharibie.”

Lilimtoka kabla hajalipima. Adelina alivaa viatu vyake vya kazini, akafunga zipu ya koti hadi kidevuni, akaondoka bila kuaga. Gelasius alimnunulia mama yake dawa ya kifua, chupa ya dola kumi na moja, akamwekea kando ya kitanda. Alfajiri iliyofuata aliingia, akaweka kiganja. Moto.

*

Usiku ulioleta mambo ulikuwa wa baridi ya chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini na sita. Mitambo ya kiwandani ilikwama, zamu ikachelewa kuachiliwa, kisha basi likazimika njiani, abiria wakashushwa kungoja jingine. Gelasius alikuwa na mazoea ya kufika nyumbani saa kumi na mbili. Siku hiyo ilikuwa yapata saa moja na nusu alipokata kona, na kitu cha kwanza alichokiona ni gari la wagonjwa mbele ya nyumba, taa zake zinazunguka bila sauti juu ya theluji.

Besimenti ilikuwa baridi hata pumzi zinaonekana. Boila ilikuwa imejizima. Adelina alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti cha bafu, mtoto amembana kifuani, na watu wawili wa gari walikuwa wanafungua machela. Ma Paskazia alikuwa amelala kwa ubavu sakafuni. Ndoo ilikuwa imepinduka kando yake, na maji meusi yalikuwa yametapakaa mpaka mlangoni mwa chumba chake. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Gelasius alijitupa chini. Mama yake alimtambua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa, na alipoufumbua kidogo Gelasius alikiona kile kifunguo cha shaba.

“Usiiguse bado,” Ma Paskazia alisema kwa sauti nyembamba. “Imepoa. Umechelewa sana leo, mwanangu. Nimeshamwaga ndoo nne.”

Alimtazama mama yake, akaitazama ndoo, akayatazama maji. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Mwizi aliyemtafuta kwa karatasi kavu, chali chini ya boila na tochi mdomoni, alikuwa amelala hapa mbele yake na soksi zilizolowa.

Mmoja wa wale watu wa gari, kijana mpole, alimuuliza kwa Kiingereza mgonjwa anasema nini.

Gelasius akasema, anasema anasikia baridi.

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Mapafu nayo yalikuwa na maji kidogo. Kifua kile cha kikohozi hakikuwa cha uzee. Mwanamke nyuma ya kioo aliomba kadi ya afya ya mgonjwa, akaelezwa kwamba ni mgeni, akaomba bima. Bima ya mgeni ilikuwa imekwisha siku tisa zilizopita. Gelasius alikuwa ameingoja Ijumaa ya mshahara ili ailipie upya. Mwanamke yule aliandika tarakimu kwenye karatasi, akaigeuza ili aisome mwenyewe, pengine kwa kuona haya kuitamka. Chini yake akaandika ya kila siku ya kitanda.

Walikaa kwenye viti vya plastiki. Adelina ndiye aliyepanda na mgonjwa kwenye gari, na njiani aliambiwa yote.

Redieta haikuwahi kuwaka zaidi ya saa moja. Usiku wa kwanza ilipoa. Ma Paskazia alidhani ni hewa, akafungua kijikoki kama alivyomwona mwanawe akifanya, maji yakatoka, chuma kikapata moto. Akafunga, kikapoa. Kwa siku tatu alijaribu, akaelewa jinsi kilivyo: kinashika moto kwa kadiri unavyokimwaga. Tangu hapo akawa anaamka saa kumi na moja kasoro, anaketi gizani na ndoo kati ya miguu, maji yanatiririka kama uzi. Ikijaa anaibeba hadi bafuni, anarudi. Saa kumi na mbili mlango unafunguliwa.

“Yaani si kwa ajili ya kujipasha yeye,” Gelasius alisema.

“Angekuwa anajipasha angemwaga usiku mzima. Alikuwa anakusubiri wewe.” Adelina alimhamisha mtoto bega. “Nilimuuliza kwa nini. Akasema, ‘Anaingia uso umesawijika, akiigusa unang’aa. Nchi hii kutwa inamwambia hajui. Nikasema, saa kumi na mbili, basi, walau ajue.’”

Gelasius aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti. Watu walipita na kahawa zao. Baadaye Adelina aliweka mkono mgongoni mwake, lakini hakumwambia kwamba si kosa lake, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo.

*

Alimpigia Gerishon akiwa bado ukumbini mwa hospitali. Hakujaribu kupanga maneno. Gerishon alisikiliza, akauliza anwani, akaja jioni ileile na begi lake la vifaa.

Aliigusa redieta. Akainua tochi, akaufuata mguu mmoja hadi darini, akaufuata wa pili hadi darini.

“Hizi miguu zote mbili umeweka kwa paipu moja,” alisema. “Na si ile ya kupeleka. Ni ya kurudi.”

“Yote mawili yalikuwa na moto.”

“Lazima. Moja inaenda ikiwa moto, ingine inarudi bado ina moto kidogo. Lakini sikia, Gelasius. Wewe umefanya ya nyumbani. Nyumbani maji inasukumwa, mtu anafungua bomba huko mwisho, maji inakuja. Ukiweka tangi hapo katikati, itajaa tu. Hapa hakuna mtu anafungua bomba. Maji inazunguka. Inataka kutoka kwa hii paipu na kurudi kwa ile. Ukiipatia mlango mbili kwa barabara moja, itapita straight. Kwa nini ipande huku? Haina kazi huku.” Akakigonga chuma kwa kidole. “Hii haiwezi kuwaka. Iwake tu kama kuna mtu anaimwaga.”

“Alikuwepo,” Gelasius alisema.

Gerishon alimtazama, akaitazama ndoo iliyokuwa imesimamishwa kando ya mlango. Akavua kofia.

Walizima kila kitu, wakatoa maji. Gerishon hakushika msumeno, alimpa Gelasius. Alimwonyesha jinsi ya kupitisha paipu nyuma ya boriti kwa kuvunja kipande kidogo cha dari, kipande ambacho Desemba Gelasius alikionea huruma. Alikata mguu mmoja kutoka kwenye paipu la kurudi, akaliziba tundu lililoachwa, akaupeleka ule mguu kwenye paipu la kupeleka. Ilichukua saa mbili na robo. Vipande vichache vya paipu la shaba, viungo vinne, na kipande cha dari. Mikono yake ilijua kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na kitu hicho kingesemwa kwa sentensi moja ukumbini, juu ya sahani ya sambusa.

Bi Zarina alishuka walipokuwa wanajaza maji. Alikuwa amevaa sweta mbili na shali. Alisema mtu wake wa leseni anakuja Alhamisi, na huyu ni nani. Gelasius aliteremka kwenye ngazi, akasimama mbele yake, akamwambia maji yalikokuwa yanakwenda.

Ilimchukua muda kuelewa. “Kwa ndoo?” aliuliza. “Mama yako? Kwa mkono?”

“Kila alfajiri.”

Bi Zarina aliingia chumbani. Alitazama kitanda, vitenge vilivyokunjwa, chupa ya dawa ya kifua ambayo haikuwa imefunguliwa. Aliketi ukingoni, palepale alipozoea kuketi mwenzake.

“Mimi ina hita ya umeme juu,” alisema. “Mbili. Ndani ya kabati. Wewe nakuja naomba, mimi nakupa.”

“Sikuomba.”

“Hapana kuomba,” alikubali. Aliinuka kwa kushika goti. Mlangoni alisema habari ya besimenti wataongea mwisho wa mwezi. Hakusema wataongea nini.

Boila iliwaka. Walisikia mngurumo wake, kisha maji yakiingia kwenye chuma kwa mlio mdogo, kama mtu anayemeza. Gelasius hakuweka kiganja juu tu. Alishika mguu wa kuingilia, akashika wa kutokea, akapapasa chini kabisa, mahali ambapo hakuwahi kupagusa. Moto ulikuja taratibu, ukapanda, ukaenea, na haukuondoka.

Gerishon alikuwa anarudisha vifaa begini kimoja kimoja.

“Ile mambo ya Aprili,” alisema bila kuinua macho. “Tutaona. Na isikae kwa roho yako eti ni ju ya paipu. Paipu kila mtu anakosea. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifurikisha nyumba ya mtu.” Alifunga zipu. “Lakini nilikuuliza boila iko aje. Ulijua inapoteza maji?”

“Nilijua.”

“Si ungesema tu.”

Hakutaka malipo. Gelasius aliposisitiza alichukua dola arobaini za viungo, akampa mkono kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama wanavyopeana watu msibani.

*

Ma Paskazia alirudi baada ya wiki tatu, katika kiti cha magurudumu cha kuazima kanisani. Tarehe ya tiketi yake ya kurudi Bukoba ilikuwa imeshapita. Daktari alisema atatembea, lakini hakusema lini, wala hakusema bila fimbo. Bahasha ya hospitali ilikaa juu ya friji chini ya sumaku, na kila mmoja alifungua friji kwa adabu ili isianguke. Adelina alipunguza zamu. Gelasius aliongeza. Bi Zarina alituma hita moja ya umeme ingawa haikuhitajika tena, na sufuria ya dengu, na mwisho wa mwezi ulipita bila kisigino kugonga sakafu, na mwingine ukaanza.

Asubuhi ya kwanza baada ya mama kurudi, Gelasius alifika saa kumi na mbili. Alivua viatu mlangoni. Chumba kilikuwa na joto lililomkuta usoni kabla hajaingia, joto la chumba kizima, kuta na nguo na hewa. Alidhani amelala. Lakini macho ya Ma Paskazia yalikuwa wazi gizani, na mkono wake ulikuwa umeingia chini ya mto, unapapasa, unatafuta kifunguo ambacho hakikuwepo. Alipomwona mwanawe aliuacha.

Gelasius aliweka kiganja juu ya redieta, kwa mazoea. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba ilibidi auondoe. Alipogeuka alimkuta mama yake haitazami redieta. Anamtazama yeye usoni, kama alivyokuwa akimtazama, sasa alijua, kila alfajiri ya mwezi ule.

“Leo sikufanya chochote,” Ma Paskazia alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

“Najua, mama.”

“Inajiendea yenyewe?”

“Inajiendea yenyewe.”

Alifikiri jambo hilo. Kisha akafumba macho.

“Haya,” alisema. “Nenda ukalale, mwanangu.”

Gelasius hakwenda. Aliketi sakafuni na koti lake, mgongo ameuegemeza kwenye chuma, na joto likampenya mpaka likaanza kumuumiza, naye hakusogea. Alikuwa bado amekaa hivyo Deo alipoamka upande wa pili wa ukuta na kuanza kulia.